Suti ya Baba Juani

Mama yangu ndiye aliyenipa habari kwamba jua limezeeka. Tulikuwa tumekaa mlangoni pa duka lake dogo la vitambaa, sokoni Lubumbashi, mwisho wa kiangazi, wakati vumbi jekundu la mji limekwisha kupanda hadi juu ya mabati na halina haraka ya kushuka. Alikuwa amekinyoosha kitambaa mbele ya uso wake. Akakisogeza, akakirudisha, akakunja uso.

"Jua ya siku hizi iko mugonjwa," akasema. "Zamani ilikuwa inaonesha bintu muzuri. Sasa inazeeka, sawa shiye." Yaani kama sisi.

Mimi ni binti yake wa kwanza, na ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya madarasa ya wasichana wanaopiga miayo, nikiwaeleza kwamba jua lina cha kuchoma kwa muda ambao hakuna kichwa kinachoweza kuuwaza, na kwamba litakapozeeka kweli hatutakuwapo kulilalamikia. Nikamweleza na mama. Alinisikiliza kwa adabu ile anayowapa wateja wanaojifanya wanajua nguo, kisha akaniambia nisogee kando, namzibia mwanga.

Lazima niseme jinsi alivyokuwa akifanya kazi, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Hakuuza kitambaa chochote ndani. Dukani mlikuwa na taa, siku umeme ulipokuwapo, moja ya zile ndefu nyeupe zinazotetemeka kabla ya kukubali kuwaka, lakini mama aliihesabu kuwa ya kutafutia viatu tu. Mteja akishachagua rangi, mama alilibeba jora zima begani hadi barabarani, akafungua kipande chake juani, akasema, "Angaria hapa. Mule ndani taa iko na bongo." Bongo ni uongo, kwa Kiswahili chetu. Wanawake wengi wa mji huu hutoka na nguo hadi mlangoni kabla ya kununua, hasa ikiwa ni sare ya harusi au ya msiba, ambako dada mmoja akitokea na rangi iliyopotoka kidogo ataonekana kwenye picha zote. Ila mama alifanya hivyo hata kwa mtu aliyetaka kitambaa cha kufutia vumbi.

Na hapo alikuwa na haki. Rangi haikai ndani ya nguo. Nguo hupokea mwanga, humeza sehemu yake, hurudisha sehemu nyingine, na hiyo inayorudi ndiyo tunayoiita rangi. Taa ya dukani ni maskini: ina mawimbi haya, yale mengine haina, na nguo haiwezi kurudisha kitu ambacho haikupewa. Ndiyo maana vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa na vikagombana mara tu vikifika nje. Jua linatoa mawimbi yote kwa pamoja, marefu ya wekundu na mafupi ya ubuluu na yaliyo katikati, halibagui. Katika jambo hili mama na mimi hatukuwahi kubishana. Tulibishana katika mengine yote.

Fizikia sikuianza shuleni. Niliianza kwa baba. Alikuwa mtu wa reli kama baba yake, ambaye alishuka kutoka Pweto kutafuta kazi akapewa nyumba mtaa wa Makomeno, nyumba ile ile anayoishi mama hadi leo. Katika ujana wake baba alitunza taa za ishara, zile za zamani za mafuta: alipanda ngazi, akafuta masizi, akatia mafuta, akawasha. Taa hizo zilipotolewa alirudi nyumbani na kioo kimoja kilichobaki, kinene, cha buluu. Nilikuwa mdogo lakini mdomo nilikuwa nao tayari. Nilimwambia amekosea, treni haziruhusiwi na taa ya buluu, zinaruhusiwa na ya kijani. Aliwasha koroboi mezani, akakiweka kioo mbele ya ule mwali wa manjano, na ukutani pakawa kijani.

"Moto iko na rangi yake," akasema, "na vitre iko na yake. Mashinisti anaona yenye inabakia."

Yaani mwali wa mafuta karibu hauna buluu ya kutoa, na kioo kinazuia wekundu na sehemu ya umanjano, na katika mvutano huo kinachopita ni kijani peke yake, nacho ndicho dereva wa treni, mashinisti, anachokiona. Sijui kama kuna sentensi nyingine niliyoirudia darasani mara nyingi kuliko ile ya baba. Wanafunzi wangu wanadhani imetoka kitabuni.

Baba huyo huyo, aliyelala na kioo cha buluu kwenye rafu juu ya kitanda chake, hakuweza kuvumilia nguo ya buluu. Alikuwa amevaa maovaroli ya kazi ya rangi hiyo tangu kijana mpaka mvi. Alipostaafu aliyatoa yote yageuzwe matambara, na kuanzia hapo hata shati la buluu la Pasaka, zawadi ya mama, hakulivaa. Alikataa kwenda misa mpaka lilipobadilishwa. Siku moja, tukiwa mezani sote, alisema huku akicheka nusu:

"Siku mutanizika, musinivalishe bleu. Mungu ataniona ku mulango, atasema, huyu eko nakuya ku kazi. Muniwekee nyeusi, sawa bakubwa."

Tulicheka. Mama hakucheka. Aliinua mkono akaapa mbele yetu kwamba atamvalisha nyeusi, na kwamba kitambaa atakichagua yeye mwenyewe, si mtu mwingine.

Baba alikufa mvua zilipokuwa zinaanza, kwa ugonjwa wa moyo uliompa muda wa kutuaga. Asubuhi ya pili mama aliondoka nyumbani akiwa amevimba macho, akakataa kusindikizwa, akaenda kwa mfanyabiashara wa jumla aliyemzoea, mtu wa Kivu ya Kaskazini anayeleta majora kwa malori. Akarudi na kitambaa kizuri, kizito, akamkabidhi fundi cherehani wa mtaani. Fundi alishona siku hiyo hiyo.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa uani, chini ya turubai. Ndugu wa baba walikuwa wamefika kutoka Pweto, wamepita Kilwa ya huku kwetu na barabara yake mbovu, wamechoka, nguo zimekolea vumbi, na samaki wakavu wa kilio kwenye mifuko. Niliinama kumtazama baba. Suti ilikuwa ya buluu. Ilikuwa buluu nzito, jirani kabisa na nyeusi, lakini buluu. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia chini ya turubai na hapakuwa na shaka yoyote.

Mama alikuwa amesimama upande wa pili, akimnyoosha ukosi.

"Njo vile alitaka," akaniambia.

Nilikasirika sana. Nilimjua mama: maisha yake yote alimchagulia baba nguo, na baba alivaa. Mara moja tu katika ndoa yao baba aliomba rangi yake mwenyewe, na nilivyoelewa mimi, mama alikuwa amesubiri asiweze tena kujibu ili ashinde na hilo. Tena ananiambia kwa macho makavu kwamba ndivyo alivyotaka. Lakini mbele ya jeneza watu hawagombani juu ya kitambaa. Nikamjibu, "Ndiyo, mama," nikameza, na nikaendelea kumeza kwa miezi. Nilimtembelea kila Jumapili kama inavyotakiwa, nikampikia, nikamjibu mambo ya lazima. Hakuniuliza nina nini. Labda alidhani ni kilio.

Yeye alivaa nguo nyeusi za mjane, zilizoshonwa na wakwe zake. Hizo zilikuwa nyeusi kweli. Kipande kilichobaki cha suti ya baba alikikunja akakifungia sandukuni pamoja na naftalini. Mwaka wa kilio ukiisha, siku ya kuvua nyeusi na kumsomea baba misa, angekishonea ukanda kwenye blauzi yake mpya, ili, alivyosema, waingie kanisani pamoja. Nilisikia hilo nikatazama pembeni.

Basi tulikuwa tumefika hapo, mwaka unakaribia kutimia, alipoanza kulalamikia jua. Mwanzoni alilaumu moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi. Kisha akalaumu vumbi la malori ya migodi. Kisha akalilaumu jua lenyewe. Mimi niliona ni uzee unatafuta wa kumsingizia, na sikukosea sana.

Kilichotuamsha ni harusi. Familia moja iliagiza vitambaa vya kichwa vya zambarau kwa mashangazi wote. Mama akatoa jora, akalipeleka barabarani kama kawaida yake, akalichunguza juani mbele ya watu, akaapa kwamba ni zambarau, akakata. Ilikuwa kahawia. Mashangazi waliondoka kimya, kwa heshima, kisha wakarudi asubuhi iliyofuata bila heshima. Walisema mengi. Lililomuuma mama si matusi. Ni mmoja aliyemchukulia jora la zambarau halisi, akaliweka sambamba na lile la kahawia pale pale juani, na mama hakuona tofauti.

Alifunga duka mchana. Hakuwahi kufanya hivyo isipokuwa kwa kifo.

"Kama sioni rangi," aliniambia, "nitakuwa nani?"

Siku hiyo nilimhurumia, hasira au si hasira. Nikampeleka kwa daktari wa macho, huku yeye akinieleza njia nzima kwamba macho yake ni mazima.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimulika, akapima, akamwambia ana mtoto wa jicho pande zote mbili, wa zamani, anakua polepole. Kisha akanigeukia mimi, kwa vile nilikuwa nimekwisha kumtajia kazi yangu, na alionekana kufurahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

"Lentille ya mama imekuwa sawa chupa ya bia," akasema. "Jaune, karibu kahawia. Lumière inaingia, lakini bleu yote inabakia mule. Haifike nyuma."

Yaani lenzi, kile kioo cha ndani ya jicho, imegeuka manjano na inauzuia mwanga wa buluu. Nilikiona kioo cha baba mbele yangu, na koroboi, na ukuta uliogeuka kijani. Kila mwanga una rangi yake, na kioo kina yake, na mtu anaona kile kinachobaki. Nguo ya buluu nzito hurudisha mwanga kidogo sana, na huo kidogo ni wa buluu. Ukiuzuia na huo, hakibaki kitu. Na nyeusi ndiyo hiyo: mahali ambapo hakuna kilichorudi.

"Na bleu nzito?" nikauliza. "Ya suti?"

"Kwake iko nyeusi."

"Tangu lini?"

"Ni ya miaka," akasema, na kuinua mabega.

Mama alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, mkoba magotini, akitazama ukuta. Alikuwa hajui tunazungumza nini. Hasira ya karibu mwaka mzima iliniondoka hapo hapo, na sikupata hata nafasi ya kuifurahia, maana nilimsikia akimuuliza daktari kama ataweza kutunga uzi kwenye sindano. Daktari akasema ataweza. Jicho la kulia kwanza, likipona wiki kadhaa, la kushoto.

"Basi ile blouse ya misa nitaishona miye mwenyewe," mama akasema.

Nikaogopa. Mama alitimiza kiapo chake kwa kadiri ya macho aliyokuwa nayo; alimzika mume wake katika nyeusi, na kwa mwaka mzima hilo ndilo lililomfanya alale. Sasa tunamrudishia macho, na kitu cha kwanza atakachokwenda kukitazama nayo ni kipande kile sandukuni.

Nilifikiri kama watu wote wenye hofu: nitakibadilisha. Nilikwenda kwa yule mfanyabiashara wa Kivu. Alinikumbuka, akanipa kiti, akaniuliza habari ya mama, kisha nikamweleza ninachotafuta.

"Miye nilimuuliza," akasema. "Alishika jora ya bleu, nikamuuliza, mama, ni hii? Akabeba mupaka inje ku jua, akaangaria, akarudia. Nikamuuliza tena. Akaniambia, mutoto, unataka kunifundisha nyeusi? Miye ni nani? Nikakata."

Hakuwa na kosa. Mji huu haukuwa na mtu wa kumfundisha mama yangu nyeusi, na hata angekuwapo, mama alikuwa ametoka nje, amefanya alichofanya maisha yake yote. Jua lilisema kweli. Kitambaa kilisema kweli. Kilichosema uongo kilikuwa ndani ya kichwa chake, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kupabeba hadi barabarani.

Alinishushia jora la nyeusi. Nililibeba mwenyewe mpaka mlangoni, nikalifungua juani, na lilikuwa nyeusi kweli. Yule mtu alinifuata, akaushika upindo kati ya vidole.

"Lakini hii iko mwepesi," akasema. "Na ile ilikuwa ya nyuzi ingine. Mama yako anagusa na vidole, ataijua hata mu giza."

Alikuwa na haki. Nikamrudishia jora lake nikaondoka mikono mitupu.

Ilibaki kumwambia. Nilijiahidi kumwambia asubuhi ya upasuaji, ndani ya teksi. Mama alikuwa amevaa skafu yake nzuri na amejipaka mafuta, kama anakwenda kupigwa picha. Alitaka kujua hicho kioo watakachomtia jichoni ni cha rangi gani.

"Hakina rangi, mama."

"Kila kitu iko na rangi," akasema, na akanitazama kwa huruma, mwalimu mzima. Tukafika. Sikumwambia.

Bandeji ilitolewa kesho yake. Muuguzi alikuwa amemwinamia, na mama alifungua jicho, akalifunga, akalifungua tena, akalitazama koti lake kwa muda mrefu.

"Mumelowekea na bleu mingi sana," akamwambia.

Hapakuwa na bleu ya kufulia yoyote. Lilikuwa koti jeupe la kawaida, jeupe jinsi weupe ulivyo. Muuguzi alicheka, akasema wengi husema hivyo. Nje, kwenye ngazi za hospitali, mama alisimama akainua uso. Mvua ya kwanza ilikuwa imepita usiku ikaosha moshi wote wa kiangazi, na juu ya Lubumbashi palikuwa na ile buluu ambayo mimi huieleza darasani kwa kutumia matone machache ya maziwa katika glasi ya maji: mwanga ukipita hewani, mawimbi mafupi hutawanyika zaidi, yanatujia kutoka kila upande. Sikumweleza. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Jua imepona," akasema.

Siku mbili alizunguka nyumba ya Makomeno kama mkaguzi. Aliona uchafu nyuma ya jiko, akaniuliza tunaishije humu. Aliona mvi zangu, akasema nimezeeka bila kumwambia. Alikichukua kioo cha baba kutoka rafuni, akakifuta kwa kanga, akasema, kumbe ni kizuri. Nilikuwa nikimfuata kila chumba nikijifanya nina kazi.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni nasonga bukari, ugali wetu, nikasikia kifuniko cha sanduku. Harufu ya naftalini ilinifikia kabla sijainuka. Nilipotoka uani, na mwiko mkononi, alikuwa tayari amesimama katikati, mahali jua linapopiga vizuri, kipande kimenyooshwa mbele yake kwa mikono miwili.

Alikaa hivyo. Kisha akaliziba jicho jipya kwa kiganja, akatazama kwa lile la zamani. Akabadilisha kiganja, akatazama kwa jipya. Akarudia tena, na tena, bila haraka, kama anavyolinganisha majora mawili.

"Na hii, iko nyeusi," akasema, jicho jipya limezibwa. Akahamisha kiganja. "Na hii, iko bleu."

"Ni macho, mama. Haiko wewe. Ile lentille ilikuwa inazuia bleu."

"We ulijua?"

"Nilijua siku ya munganga wa macho."

"Na siku ya kilio, uliona nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa ameshika nguo juani, na kwetu hapo ni mahali ambapo watu hawadanganyi.

"Bleu," nikasema. "Nilizania njo vile ulitaka."

Alifikiri juu ya hilo. "Bote baliona?"

"Bote, mama."

Akaikunja ile nguo mara mbili, mara nne, akakaa kwenye kigoda cha jikoni nilichomletea. "Basi eko ku kazi," akasema. "Huko mwenye eko, eko ku kazi." Na akalia, kwa macho yote mawili, lile jipya ambalo daktari alikuwa amesema lisilie. Nilipiga magoti nikamshika. Nilimpenda sana mama yangu saa ile, na nilikuwa sina neno lolote la fizikia la kumpa. Bukari iliungua.

Ukanda aliushona hata hivyo. Aliutunga uzi mwenyewe kwa jicho jipya, akaushona kwenye blauzi nyeupe, kushona kwa mkono, mishono midogo sawasawa, na siku ya misa alivua nyeusi akaivaa. Ndugu wa Pweto walikuja tena. Hakuna aliyesema kitu juu ya ukanda. Buluu juu ya nyeupe ilionekana hata na watu wa benchi la nyuma.

Duka alilifungua tena. Mashangazi wa harusi walirudi, na safari hii walipewa zambarau ya kweli kwa mkono wa mtu ambaye haombi radhi kwa kitu alichokwisha kukirekebisha. Kisha ikafika siku ya jicho la kushoto. Nilichukua ruhusa shuleni, nikamfuata Makomeno, na akaja bila ubishi, amevaa ile blauzi. Alikaa kwenye kiti kile kile, mkoba magotini. Daktari alifurahi na jicho la kwanza. Akasema la pili litakuwa rahisi zaidi, na kwamba likiachwa litaendelea kufunga polepole hadi giza.

"Hapana," mama akasema. "Hii mutaacha."

Daktari alidhani ni woga. Akamweleza tena, taratibu. Na mimi nilianza: kwamba macho mawili yakitofautiana kichwa kinachoka, kwamba atakosea kina cha ngazi, kwamba mwanga ni ule ule mmoja na hakuna sababu ya kuupokea kwa njia mbili. Yote yalikuwa kweli. Mama alituacha tumalize. Kisha akaliziba jicho jipya kwa kiganja, akainamisha kichwa, akautazama ukanda kiunoni mwake kwa lile la zamani.

"Ile siku ya kumuvalisha baba yenu," akaniuliza, "nilikuwa na macho gani?"

"Ya zamani, mama."

"Njo hii inabakia. Hii njo ilimuona. Na mule ndani yake, eko na nyeusi, sawa mukubwa. Ukiitosha, ukiitupa inje, nani atamuona vile?"

Nilikuwa na jibu, kwa sababu mwalimu huwa na jibu. Mwanga uliotoka kwenye suti asubuhi ile chini ya turubai ulikuwa wa buluu, na hakuna jicho, jipya wala kuukuu, litakaloubadilisha. Lakini mwanga huo haukumfikia mama. Ulisimama njiani, ndani ya kioo chake cha kahawia, na kilichopita mpaka nyuma kilikuwa nyeusi. Mama alimwona mume wake kwa kile kilichobaki. Hata mashinisti hupata hicho tu, na treni hufika.

Daktari alinitazama mimi, akisubiri nimwambie mama yangu jambo la maana. Nikachukua mkoba wake magotini, nikamshika mkono, tukatoka polepole, mimi nikiwa upande wa jicho la kushoto kwa sababu ya ngazi.